Jinsi ya kujua baiskeli za Tour de France ni za nani, na kwa nini ya Mwingereza hutaiona

Kila mwezi wa saba pale kijiweni kwa fundi baiskeli ninapokaa jioni lazima huu ubishi uzuke. Simu imeegeshwa kwenye kopo la gundi ya viraka, Tour de France, zile mbio za baiskeli za Ufaransa, inaenda mubashara, bando linakata, afu mzee mmoja mwenye Raleigh yake ya tangu ujana anauliza, "Hawa Waingereza si ndo waliotuletea baiskeli? Sasa mbona yao siioni humo?" Hapo kila mtu anakuwa profesa. Mmoja anasema Waingereza hawajui kuendesha, mwingine anasema walishafilisika, mwingine anaapa kwamba zipo ila zimebadilishwa jina. Wote wanapatia kidogo na kukosea sana, ndo maana nimeona niandike jinsi ya kulichunguza hili swali mwenyewe, hatua kwa hatua, ili mwakani mzee akikuuliza usibabaike.

Unahitaji simu au TV, karatasi na kalamu, na ikiwezekana Raleigh kuukuu ya kukagua. Kama huna ya kwako muombe jirani, ila omba vizuri, wenye Raleigh wana wivu nazo.

Anza kwa kuacha kuangalia jezi

Kosa la kwanza la wengi ni kusoma jezi. Jezi imeandikwa mdhamini, inaweza kuwa kampuni ya mafuta, benki, supamaketi, duka la vifaa vya michezo. Baiskeli unaisoma kwenye lile bomba nene la chini linalotoka usukani kushuka kwenye pedeli, pale ndo jina la mtengenezaji huandikwa kwa herufi kubwa. Subiri kamera ipite ubavuni, usihangaike na picha za helikopta.

Na bendera nayo isikudanganye. Mashindano ya dunia ya Kigali, mwezi wa tisa 2025, waendeshaji walivaa jezi za nchi zao lakini chini yao kulikuwa na baiskeli zile zile za timu zinazowaajiri. Pogačar kashinda na jezi ya Slovenia akiwa juu ya Colnago, na Colnago ni ya Italia. Kwa hiyo ukimuona Mwingereza kavaa jezi ya Uingereza, usiandike baiskeli ya Uingereza.

Andika orodha, afu uone nani hayupo

Kaa na karatasi etapu moja tu, yaani mbio za siku moja ndani ya Tour. Utaandika Pinarello, Colnago na Wilier za Italia, Trek, Specialized na Cannondale za Marekani, Canyon na Cube za Ujerumani, Giant na Merida za Taiwan, Scott na BMC za Uswisi, Cervélo iliyoanzia Kanada, Ridley ya Ubelgiji, Orbea ya Hispania, Van Rysel ya Ufaransa. Hazitakuwepo zote kila mwaka maana timu zinabadilisha wadhamini kama watu wanavyobadilisha laini, ila picha haibadiliki sana. Safu ya Uingereza inabaki tupu, au inabaki na jina moja lenye utata ambalo nitalirudia mwishoni.

Jibu la "hawajui kuendesha" litupe mapema

Hili ni rahisi kulivunja. Kuanzia 2012 mpaka 2018 Waingereza walishinda Tour mara 6 kati ya 7: Wiggins 2012, Froome 2013, 2015, 2016 na 2017, Geraint Thomas 2018. Aliyewakatiza ni Nibali wa Italia 2014. Na Froome huyu ni yule yule aliyezaliwa Nairobi, akafundishwa baiskeli kule mji wa Kikuyu na Mkenya David Kinjah, akaiendeshea Kenya Michezo ya Jumuiya ya Madola 2006 kule Melbourne kabla hajahamia leseni ya Uingereza. Ushindi wote huo sita ni juu ya Pinarello, kutoka Treviso, Italia.

Kama bado wanabisha, wape zoezi la Mark Cavendish. Huyu ni Mwingereza wa Isle of Man, ana ushindi wa etapu 35 za Tour, rekodi ya wote waliowahi kuendesha. Chukua karatasi fuata baiskeli alizoshindia: alianza 2008 na Giant, zikaja Scott, Specialized, kisha Pinarello alipokuwa Sky, timu ya Waingereza, 2012, akarudi Specialized, akaenda Cervélo 2016, Specialized tena 2021, akamalizia ya 35 mwaka 2024 juu ya Wilier. Taiwan, Uswisi, Marekani, Italia, Kanada. Etapu 35 na hamna hata moja aliyoishinda kwa baiskeli ya kwao. Nikimaliza hii hesabu kijiweni huwa pananyamaza kidogo, afu mzee anasema, "Sasa ndo nimezidi kutoelewa." Sawa mzee wangu, ndo twende nyuma.

Rudi nyuma mpaka walipokatazana wenyewe

Hapa ndo penye utamu na ndo watu wengi hawapajui. Mwishoni mwa karne ya 19, wakati Wafaransa na Waitalia wanaanza kupenda mbio za barabarani, chama cha baiskeli cha Uingereza, National Cyclists' Union, kilipiga marufuku mbio za kundi kwenye barabara za umma. Si serikali iliyokataza, ni wao wenyewe, kwa hofu kwamba polisi na matajiri wenye magari ya farasi wakichukia basi baiskeli zote zitafukuzwa barabarani. Yaani walijifunga mikono kabla hawajafungwa.

Kilichobaki ni mbio za kukimbizana na saa. Mnaondoka mmoja mmoja, dakika moja baina yenu, alfajiri watu wamelala, umevaa nguo nyeusi kuanzia shingoni mpaka kwenye enka ili mtu akikuona adhani unaenda kazini, na njia haitangazwi kwa jina, inaitwa kwa alama za herufi na namba. Hebu fikiria sasa wewe ni mwenye kiwanda. Mbio hazina watazamaji, hazitangazwi, zinafanyika saa kumi na moja alfajiri. Utaweka pesa ya nini? Wakati huo huo kule Ufaransa tangu 1903 gazeti la L'Auto lina Tour yake, na viwanda kama Alcyon na Peugeot vinaweka timu nzima barabarani, kijiji kizima kinatoka kuangalia, kesho yake watu wanaenda dukani kuuliza ile iliyoshinda jana ni ipi.

Hali hii ilienda mpaka vita vya pili vya dunia. Tarehe 7 Juni 1942, petroli ya mgao, barabara hazina magari, jamaa mmoja wa Wolverhampton anaitwa Percy Stallard akaandaa mbio za kundi kutoka Llangollen, Wales, mpaka Wolverhampton. Polisi hawakuwa na tatizo. Waliokasirika ni chama. Stallard na wenzake wakafungiwa, wakaanzisha chama chao, British League of Racing Cyclists, na vyama hivyo viwili vikagombana mpaka 1959 vilipounganishwa. Miaka 17 ya ugomvi wa ndugu, na huku Bianchi na Legnano wa Italia wanazidi kujifunza kitu kila msimu.

Kwa hiyo viwanda vya Kiingereza vikawa vinatengeneza baiskeli nzuri sana, lakini za mtu kwenda kazini, za polisi, za posta, za klabu, na za kusafirisha nje, na ndo hizo zilizofika Mombasa, Tanga, Ujiji na kwa babu yako. Ngumu, nzito, breki za vyuma, dinamo ubavuni, karia ya kubeba gunia. Raleigh walipotaka kujitangaza kwa michezo miaka ya 1950 walimtumia Reg Harris, bingwa wa dunia wa mbio fupi za uwanjani. Uwanjani, si barabarani. Ukiliona hilo umeshaelewa nusu.

Tafuta mara walizojaribu kweli

Usimwambie mzee kwamba hawakuwahi kujaribu, atakushinda. Mwaka 1955 kampuni ya Hercules ya Birmingham iligharamia timu ya Waingereza kwenda Tour. Walianza 10, wakamaliza wawili: Brian Robinson nafasi ya 29 na Tony Hoar wa mwisho kabisa. Msimu ulipoisha Hercules wakaifunga timu. Robinson akabaki bara akiendeshea wengine, na 1958 akawa Mwingereza wa kwanza kushinda etapu. Tom Simpson naye, aliyevaa jezi ya njano ya anayeongoza 1962 na kufia mlima Mont Ventoux 1967, ngazi aliyopandia ni timu za Kifaransa, ya mwisho ikiwa Peugeot. Hii ndo ikawa desturi, kijana wa Kiingereza akitaka mbio anavuka maji, akivuka maji anapewa baiskeli ya huko.

Afu kuna mwaka wa mzee kutabasamu. Mwaka 1980 Joop Zoetemelk alishinda Tour akiwa na timu ya TI-Raleigh. Raleigh yenyewe, ya Nottingham! Fremu zilitoka kwenye karakana maalum ya Ilkeston, si mbali na Nottingham, chini ya Gerald O'Donovan, mabomba ya Reynolds 753 ambayo ni membamba kiasi kwamba ukizidisha moto wakati wa kuunga umeharibu, ilibidi fundi apewe kibali kwanza. Hapo ndo ujue walikuwa na uwezo.

Lakini soma vizuri hiyo timu. Bosi Peter Post, Mholanzi. Zoetemelk Mholanzi, Raas Mholanzi, Knetemann Mholanzi. Raleigh walitaka kuuza Uholanzi na Ulaya bara kwa hiyo wakanunua timu ya huko. Kibiashara ni akili kabisa, ila maana yake mbio zilikuwa tangazo la nje, nyumbani hazikuwa na mizizi. Timu ikaisha 1983. Jina lilionekana tena ubavuni mwa Laurent Fignon 1989, yule aliyepoteza Tour kwa sekunde 8 baada ya wiki tatu, na sijui kama kuna tangazo lenye bahati mbaya kuliko hilo.

Baada ya hapo ni kuteremka. Wenye mali, Tube Investments, waliiuza 1987. Baiskeli za milimani kutoka Marekani zikajaa, kazi ya kutengeneza ikahamia Asia, na 2002 kiwanda cha Nottingham kikasimamisha hata kazi ya kuunganisha. Sehemu ya eneo la kiwanda saivi ni chuo kikuu. Mwaka 2012 jina lenyewe likanunuliwa na kampuni ya Kiholanzi. Ona sasa hizo tarehe. Kiwanda kinazimwa 2002, Team Sky inaanza 2010, Wiggins anashinda 2012. Waingereza walikuja kuzipenda mbio za barabarani wakati wenye viwanda wameshaondoka.

Piga hesabu kama mwenye duka

Hapa tumia vidole. Timu ya ngazi ya juu inaweza kuwa na waendeshaji mpaka 30. Tuchukulie kila mmoja anahitaji baiskeli ya mbio, ya akiba, ya mazoezi nyumbani, na ile ya kukimbizana na saa. Hizo ni 120, na hujahesabu zinazovunjika, maana hawa watu wanaanguka bwana. Unazitoa bure, na juu yake timu kubwa inataka pesa taslimu. Zaidi ya hapo fremu lazima ipitishwe na UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, ndo maana ukizoom picha utaona kistika kidogo cha UCI chenye msimbo, utaratibu wa tangu 2011.

Hiyo gharama inarudi kama unauza Ufaransa, Italia, Ubelgiji, Hispania, Marekani, Japani. Sasa angalia Waingereza waliopo: Condor wa London tangu 1948, Ribble wa Lancashire, Boardman. Baiskeli nzuri, siongei vibaya, Nicole Cooke alichukua dhahabu ya Olimpiki barabarani Beijing 2008 juu ya Boardman. Lakini wateja wao wengi wako kisiwani kwao. Condor na Ribble wamedhamini timu za ndani na wakaishia hapo, na mimi nikiwa mhasibu wao ningewashauri hivyo hivyo. Brompton wao wako London wanatengeneza za kukunja, mteja wao anapanda treni, Tour haimhusu kabisa.

Kuna atakayekwambia tatizo ni kwamba hawana maduka, wanauza mtandaoni. Mjibu Canyon. Canyon nao wanauza mtandaoni na wako Tour kila mwaka, tofauti ni kwamba wako Koblenz, katikati ya soko kubwa, lori linaondoka asubuhi linafika Ubelgiji bila kuulizwa karatasi. Mwingereza tangu Januari 2021 ana forodha mbele yake, na kwa kuwa fremu imetoka Asia, baiskeli ikipita kwake kwenda Ufaransa inaweza kudaiwa ushuru wa baiskeli wa Ulaya ambao ni 14%.

Na pesa ya umma je? Ipo, tangu 1997 bahati nasibu ya taifa imemwaga pesa kwenye baiskeli, lakini ilienda kwenye medali za Olimpiki, hasa uwanjani. Baiskeli zao za uwanjani ni mitambo ya ajabu, ile ya Tokyo ilitengenezwa na Hope pamoja na Lotus, kazi ya Kiingereza kabisa. Ila ile ni ya kuzunguka uwanjani, haina breki, kijana wa mtaani hanunui. Timu ya Sky ilipokuja haikutaka kujaribu mtoto mpya, ikaenda kwa Pinarello ambaye alishashinda Tour na Delgado na Indurain.

Ukikosa jina nje, angalia ndani

Hii ndo hatua ninayoipenda. Yule anayesema zipo ila zimebadilishwa jina hajakosea yote. Reynolds wa Birmingham walitoa bomba la 531 mwaka 1935, na kwa miongo mingi fremu za Kifaransa na Kiitaliano zimejengwa kwa mabomba yao, wenyewe wanajihesabia ushindi wa Tour 27. Jina ubavuni la Mfaransa, chuma cha Birmingham. Kilichowaua ni chuma chenyewe kuachwa, ikaja aluminiamu, ikaja kaboni, nyuzi na gundi kwenye kalibu, na kalibu ziko Taiwan na China.

Cha kuuma zaidi ni Mike Burrows, injinia wa Norwich. Ndiye aliyebuni ile fremu iliyozaa Lotus 108, nyeusi kama samaki papa, iliyompa Chris Boardman dhahabu Barcelona 1992. Miaka miwili baadaye Boardman kwenye Lotus 110 akashinda siku ya kwanza ya Tour kule Lille kwa wastani wa kilomita 55.152 kwa saa. Uingereza ilikuwa na baiskeli ya kesho mkononi! Lakini Lotus ni watu wa magari, na UCI ikaandika kanuni 1996, zikaanza kazi 2000, fremu irudi kuwa ya pembetatu za kawaida. Burrows naye alishaenda Giant. Akawabunia TCR, ile yenye bomba la juu lililoinama kuelekea kwenye kiti, na ujanja wake ni kwamba bomba likiinama, saizi chache zinawatosha watu wengi, kiwanda kinapunguza gharama. Leo tazama kundi lote, karibu kila fremu imeinama vile. Kichwa cha Norwich, faida ya Taiwan.

Na ile Pinarello Dogma F8 ya 2014? Umbo lake la kukata upepo lilifanyiwa kazi pamoja na Jaguar, kampuni ya magari. Jaguar nayo ni kichwa cha Kiingereza, basi tu wakati ule kampuni ilikuwa mikononi mwa Wahindi.

Kuwa makini na Factor

Mjuaji wa kijiwe atakuja na Factor. Atakwambia Bardet alikuwa wa tatu Tour 2017 juu ya Factor, na Froome mwenyewe aliipanda alipohamia timu ya Israel 2021, na Factor ni ya Uingereza. Usimkatalie, muulize maswali manne: wazo lilianzia wapi, fremu inatengenezwa wapi, bosi ni nani, wanunuzi wako wapi. Wazo lilianzia Norfolk kweli, kwa mainjinia wa mambo ya magari ya mashindano. Fremu inatengenezwa Asia. Aliyeichukua na kuifanya kampuni ya baiskeli ni Rob Gitelis, Mmarekani aliyekaa Taiwan miaka mingi akitengenezea wengine. Wanunuzi wako dunia nzima. Mi huwa naipa Uingereza robo, fundi wetu anaipa nusu, na hapo hatujawahi kuelewana.

Maswali hayo hayo manne tuliyajaribu kwa Raleigh ya mzee. Tukaigeuza magurudumu juu. Kichwani ina beji ya korongo, na lile duara la meno la kwenye pedeli limekatwa vichwa vya korongo pande zote, ukizungusha wanakimbizana. Fundi akaanza kutaja: tairi India, cheni China, pedeli China, spoku hajui, kiti kimeshonwa upya hapo hapo mtaani, dinamo ilikufa zamani. Cha Nottingham kilichobaki ni fremu na korongo. Mzee akaipindua, akaipangusa kwa kanga ya mkewe aliyokuwa nayo kwenye karia, akauliza kama kiraka chake kimeshakauka.